Nina miaka 41, nina steshenari, najifunza GIMP kuanzia sifuri. Nisaidieni

#1 MamaKopi

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisikilize kwanza kabla hamjanicheka.

Nina steshenari ndogo Morogoro, karibu na stendi. Kopi, laminesheni, picha za pasipoti, kadi za harusi na kitchen party, ratiba za misiba. Kazi zote za picha alikuwa anafanya kijana niliyemwajiri. Mwezi uliopita kapata kazi Dodoma, tumeagana vizuri, sina kinyongo naye. Tatizo ni ile programu yake ya kuhariri picha: ilikuwa ya kwenye flashi, ya kuvunjwa kufuli. Wiki mbili baada ya yeye kuondoka, faili zote zikabadilika majina, hakuna linalofunguka, na juu ya skrini kuna barua ya Kiingereza inadai hela. Kadi za wateja za miaka 3 zimekwenda na maji.

Fundi kanipigia Windows upya. Nikamwambia safari hii sitaki cha wizi. Akaniwekea GIMP, toleo la 3, akasema hii ni bure na ni halali. Nikaifungua. Jamani, ni kama kupikia jiko la wifi yako usiku umeme umekatika. Unajua mwiko upo, lakini ni kabati lipi?

Jana nimekaa saa mbili na kitu kimoja. Nachukua brashi, naburuza juu ya picha, haichori. Haigombi, haisemi kosa ni nini, haichori tu. Nimezima, nimewasha, vilevile. Leo kile kisanduku cha vifaa cha kushoto nacho kimetoweka chenyewe. Mimi ndiye mjinga au programu imekufa?

#2 jogoo_la_mjini

Nimevuta mkeka, nasubiri nondo zishuke.

#3 MtuWaSimu

Mama unajitesa bure. Canva kwenye simu, dakika kumi kadi imetoka na maua yake. Hizo programu za kwenye kompyuta waachie wenye vyeti.

#4 fundirangi

Dada MamaKopi, karibu. Programu haijafa. Hilo la brashi limewakuta wengi siku ya kwanza, na wengi wao ndiyo siku hiyohiyo waliyoifuta.

Kilichotokea ni hivi. Mahali fulani uligusa kifaa cha kuchagua, ukaburuza kidogo bila kujua, ukaacha kijieneo kimechaguliwa, pengine pembeni kabisa, ukubwa wa punje ya mchele. Kitazame vizuri, kimezungukwa na vidoti vinavyotembea kama siafu. GIMP ikiona siafu inaelewa kwamba umeiruhusu ifanye kazi ndani ya duara lao tu. Ukichora nje yake haikukatalii wala haikuelezi, inanyamaza kama mke mwenza. Bonyeza Ctrl+Shift+A. Siafu wataondoka na brashi itachora.

Kisanduku kilichopotea: umegusa kitufe cha Tab. Kiguse tena.

Sasa nikupe tabia moja badala ya majibu mia. Kabla mkono haujagusa picha, tazama mambo mawili: siafu wako wapi, na wewe umesimama kwenye leya ipi. Ninafundisha vijana hapa ofisini kwangu, na shida zao nyingi za mwezi wa kwanza zimo humo. Programu haiwashindi. Wanapotea tu hawajui wamesimama wapi.

#5 MamaKopi

IMECHORA!! Siafu walikuwa kwenye kona ya juu kulia, kidogo mno, nimevaa miwani ndiyo nikawaona. Saa mbili zangu jamani.

Sasa hiyo leya ndiyo nini? Kijana alikuwa anaitaja kila siku nikawa naitikia tu.

#6 fundirangi

Leya ni picha juu ya picha. Kadi ya harusi unayoiona kama karatasi moja, ndani ni rundo: chini rangi, juu yake maua, juu yake picha ya maharusi, juu kabisa maandishi. Kila kimoja kimelala peke yake na unaweza kukisogeza bila kugusa kingine. Kulia kwa skrini kuna orodha yake, kila leya ina kijicho. Ukifumba jicho, leya inajificha. Ile iliyokolezwa rangi kwenye orodha ndiyo unayoifanyia kazi, hata kama jicho lako linatazama nyingine.

#7 MamaKopi

Subiri nieleze nilivyoelewa. Nimevaa gauni, juu nimefunga kanga. Mkunjo uko kwenye gauni. Mimi nashika pasi napiga kanga, nashangaa mkunjo hautoki.

#8 fundirangi

Nimefundisha miaka yote hii sijawahi kupata mfano huo. Nauchukua, sikulipi.

#9 Mwalimu_Kisarawe

Samahani, kwa Kiswahili sanifu ni "tabaka", si "leya".

#10 jogoo_la_mjini

Mwalimu, ukimwambia kijana wa Kariakoo "funga tabaka la tatu" ataita polisi.

#11 MtuWaSimu

Bado nauliza. Kwa nini asitumie simu?

#12 MamaKopi

MtuWaSimu mwanangu sikukatalii, kadi za kitchen party naweza kufanya huko. Lakini mteja akija saa moja asubuhi bando limeisha, nafanyaje? GIMP nikishaipakua haidai intaneti. Halafu kuna kazi ambayo siwezi kuifanya kwa kidole gumba. Watu wanaleta picha ya marehemu, imekatwa kwenye picha ya watu kumi, ina doa la maji usoni, na mazishi ni saa nane mchana. Hiyo ndiyo ninayoitaka mimi.

#13 jogoo_la_mjini

Mimi niulize la pembeni. Hii ya bure, nani anakula hasara? Siamini vya bure.

#14 fundirangi

Swali zuri. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Waliianza mwaka 1995 kama kazi ya chuo, toleo la kwanza likatoka hadharani 1996. Waliacha msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, wazi, yeyote ausome, aurekebishe, aueneze. Wao walishaendelea na maisha yao zamani, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali ndio wameibeba mpaka leo. Ndiyo maana inakwenda kwa mwendo wa kinyonga: toleo 2.10 lilitoka Aprili 2018, na 3.0 likaja Machi 2025. Karibu miaka saba.

Alama ya uanafunzi bado ipo. Dada, ukihifadhi kazi utaona faili linaishia na XCF. Ni herufi za jina la kikundi cha kompyuta cha wanafunzi pale Berkeley walikokuwa hao vijana. Na vile vitufe na menyu walivyojitengenezea kwa ajili ya GIMP, vinavyoitwa GTK, baadaye vikaja kujenga programu nyingi za Linux (mfumo wa kompyuta, kama ilivyo Windows) ambazo hazihusiani kabisa na picha. Hiyo G ya mbele ni GIMP yenyewe.

Photoshop, ile programu ya kulipia ya kuhariri picha, ni ukoo mwingine, ndugu wawili Thomas na John Knoll, toleo la 1.0 mwaka 1990. Leya zenyewe ziliingia kwao 1994, toleo la 3.0. Kwa hiyo dada asijione amechelewa, hata wenyewe walikaa miaka minne bila kanga juu ya gauni.

#15 MamaKopi

Hiyo XCF ndiyo imeniaibisha leo! Mteja kaniambia nimtumie kadi WhatsApp. Nimetuma. Kanipigia: "Mama umenitumia nini, simu inasema haijui." Nikatuma tena. Na tena.

#16 Binti_Unguja

Pole dada yangu. Hilo lilinikuta mie na bi harusi mzima, nikamtumia XCF akadhani nimemlaani.

Ukibonya Save, GIMP inakuhifadhia jungu lako na viungo vyote ndani yake, leya zote zimo, kesho unarudi kubadilisha jina au tarehe. Lakini jungu hulimpelekei mgeni. Mgeni hupakuliwa sahani. Kupakua ni Ctrl+Shift+E, ndo Export, hapo andika jina liishie na .jpg au .png. JPG kwa picha ya kawaida, PNG ukitaka nyuma pawe wazi pasipo rangi, mfano nembo. JPG haijui uwazi, itakupakia rangi pale.

Na ukimtumia mtu WhatsApp, usimtumie kama picha, tuma kama dokumenti. Ikienda kama picha inakamuliwa, maandishi madogo yanakuwa ukungu, akipeleka kuchapisha ataja kukulaumu weye.

#17 MamaKopi

Jungu na sahani. Nimeandika kwa peni ya kuwekea alama nikabandika ukutani.

Sasa picha za pasipoti, hizo ndizo zinalipa kodi ya fremu. Kijana alikuwa anatoa nane kwenye karatasi moja ya picha. Mimi nikijaribu zinatoka kila moja na ukubwa wake kama watoto wa baba mmoja mama tofauti.

#18 fundirangi

Hapa acha kukisia kwa macho, tumia namba. Nachukulia mteja anataka milimita 35 kwa 45, mwulize kila mara kwa sababu ofisi zinatofautiana. Kwa kuchapa picha tunatumia pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 300 kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo 35 kwa 45 inakuwa pikseli 413 kwa 531. Karatasi ya picha ya inchi 4 kwa 6 ni pikseli 1200 kwa 1800.

Ilaze karatasi, 1800 iwe upana. Picha nne kwa upana: 413 mara 4 ni 1652, inaingia. Mistari miwili kwenda chini: 531 mara 2 ni 1062, inaingia kwenye 1200. Hizo ndizo nane za kijana wako. Inabaki 148 kwa upana, ukiigawa kwenye nafasi tano ni kama pikseli 29 kila moja, na mkasi unapita. Ukiisimamisha karatasi bila kugeuza picha zinaingia sita tu, ndipo watu wanapopoteza hela.

Chukua kifaa cha kukata, Shift+C, kwenye machaguo yake funga uwiano 35:45, kata ukiacha nafasi juu ya kichwa. Halafu menyu ya Image, Scale Image, andika 413 na 531, na rezolusheni (zile pikseli kwa inchi) 300. Fungua karatasi mpya 1800 kwa 1200, rezolusheni 300, bandika, nakili leya, sogeza, nakili, sogeza. Zikishakaa, hifadhi jungu. Mteja wa kesho unabadilisha sura tu, mpangilio upo.

Na kwenye printa, tafadhali sana, zima kile kisanduku cha kujaza karatasi. Kikiwa kimewashwa printa inanyoosha picha inavyojisikia, namba zako zote umezifanyia bure.

#19 MamaKopi

Kile kisanduku!! Wiki nzima nalaumu GIMP kumbe printa.

#20 Msanii_Likoni

Wadau, salamu kutoka Likoni. Mamangu, hongera kwa moyo. Mimi nafanya mabango na michoro ya matatu, niongeze moja la uchapaji maana litakuuma karibuni. Ile bluu ya kung'aa au kijani cha kuwaka unayoona kwenye skrini, karatasi haiwezi kuitoa. Skrini inatengeneza rangi kwa taa: nyekundu, kijani, bluu. Printa inatengeneza kwa wino, na wino hauna mwanga wake. Kazi ikienda kwa mchapaji mkubwa itarudi imepoa. Mteja wangu mmoja wa kampeni alitaka rangi ya chama iwake, ikatoka kama imefuliwa mara mia. Siku hizi natoa kipande kidogo cha majaribio kwanza, mteja anatia sahihi juu yake, ndio naendelea.

#21 Binti_Unguja

MamaKopi, kwenye pasipoti unabadilishaje nyuma? Ofisi nyingine wataka nyuma bluu, nyingine nyeupe.

#22 MamaKopi

Nafuta kwa kifutio mpaka mkono unauma. Nikikosea nimekata sikio la mtu. Leo nimemrudisha mzee mmoja apigwe upya kwa sababu ya sikio.

#23 Binti_Unguja

La hasha! Kifutio weka kabatini. Jifunze maski.

Maski ni kama ushungi wa leya. Bonyeza leya kwa kitufe cha kulia cha mausi, Add Layer Mask, chagua nyeupe. Sasa ukipaka rangi nyeusi pale, sehemu ile inajificha. Ukipaka nyeupe inarudi. Hujafuta kitu, umefunika tu. Umekata sikio? Badili brashi iwe nyeupe, litoe sikio lako. Chini ya leya ile weka leya nyingine ya bluu, basi, nyuma ishabadilika.

Angalia tu: ukishaweka maski, kwenye orodha utaona vijipicha viwili ubavu kwa ubavu, picha na maski. Kibonyeze cha maski kabla hujapaka. Ukisahau, unampaka mteja masizi usoni. (Nishampaka mtu. Alikuwa kakaa pembeni yangu anatazama.)

Pembeni mwa nywele tumia brashi yenye kingo laini, wembe mkali humfanya mtu aonekane kabandikwa kwa gundi. Nywele za kusuka ni rahisi, zina mstari. Afro ndo mtihani, usihangaike na unywele mmoja mmoja, acha ukungu kidogo wa nyuma ya asili ubaki. Na mwenye hijabu, mshukuru Mungu, kazi ya dakika tatu.

#24 MamaKopi

Nimefanya. Nimemtoa mtu kwenye ukuta wa matofali nikamweka kwenye bluu na masikio yote mawili. Nimempigia mume wangu simu aje aone.

Lingine. Wateja weusi kama mimi, picha zinatoka giza, sura haionekani. Naongeza mwanga, inakuwa kama wamepakwa unga. Na kuna wanaosema kabisa: "Mama niweke mweupe kidogo."

#25 Binti_Unguja

Sababu ipo kwenye kamera kabla ya GIMP. Wamsimamisha mtu mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mweupe mwingi, inadhani mahali pana mwanga mno, inapunguza. Ukuta unapendeza, mtu anazama. Mgonge usoni kwenye skrini ya simu au kamera ipimie uso, au msogeze dirishani.

Kwa picha iliyokwishapigwa, usiguse ile ya Brightness, inapandisha kila kitu pamoja, hata weusi wa macho na nywele, ndo huo unga. Nenda menyu ya Colors, kisha Levels. Utaona kama kilima na pembetatu tatu chini yake. Ile ya katikati isogeze kushoto kidogo kidogo. Weusi unabaki mweusi, weupe unabaki mweupe, uso unafunguka. Toleo lako la 3 lina raha, mabadiliko hayo yanabaki kwenye leya kama kialama cha fx, kesho unarudi kuyapunguza bila kuanza upya.

Hao wa "niweke mweupe", kwa kadi ya harusi nafungua uso nasimamia hapo. Kwa pasipoti nakataa kabisa. Afisa anatazama sura iliyo mbele yake na iliyo kwenye karatasi, asipokuona wewe utarudi kunidai mie.

#26 jogoo_la_mjini

Nilikuja kucheka, sasa nimepakua. Imeanza kukwama, laptopu yangu ina RAM 4.

#27 fundirangi

Punguza picha kabla ya kuanza. Picha ya simu ina pikseli elfu nne kwa elfu tatu na zaidi, na kadi ya A5 inahitaji 1748 kwa 2480 tu. Na funga hizo tabo 30 za kivinjari, tunakujua.

#28 MamaKopi

Wakuu nimekaa kimya siku tano, kuna kazi imenifika. Mama mmoja kaleta picha ya baba yake, ya studio, nyeusi na nyeupe ila imekuwa rangi ya chai. Kanzu, kofia, kiti, nyuma pazia lililochorwa minazi. Imekunjwa katikati, mkunjo unapita shavuni. Doa la maji begani. Na imegandamana na kioo cha fremu. Ni ya hitima, ana wiki moja. Ndiyo picha pekee ya mzee wanayo. Sijaigusa. Naogopa.

#29 Mzee_Chumba_Cheusi

Bibi, usiivute kutoka kwenye kioo. Itaacha sura kwenye kioo na wewe utabaki na karatasi. Ipige picha humohumo ndani ya fremu, kando ya dirisha, mwanga utokee ubavuni, wewe vaa nguo nyeusi ili kioo kisikurudishe. Piga nyingi.

#30 MamaKopi

Shikamoo mzee. Wewe ni mpiga picha?

#31 Mzee_Chumba_Cheusi

Marahaba. Nilikuwa na studio Tanga, tangu enzi za filamu mpaka wateja walipoanza kuja na simu. Huu uzi nimeusoma wote. Nacheka kimoyomoyo, kwa sababu mnafundishana kazi yangu kwa majina mapya.

Hiyo maski ya binti wa Unguja sisi tulikata kwa kadibodi nyeusi. Unasimama chini ya taa nyekundu, mashine inamulika karatasi, wewe unaingiza kadibodi katikati ya taa na karatasi. Palipofunikwa hapaungui, yaani hapageuki meusi. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe ndiye aliyekufanya uitwe fundi: uso ulimulikwa kidogo usizame, kanzu ilimulikwa zaidi ili mikunjo ionekane. Uso nilikuwa naukinga kwa kijiti chenye kiduara cha karatasi mwishoni, nakitikisa, kisikae mahali pamoja kikaacha alama. Mjukuu wangu alinionyesha GIMP yake, nikaona kile kijiti na kiduara kimechorwa pale kwenye vifaa. Na kifaa hichohicho unaweza kukigeuza kiwe cha kuunguza. Nilitulia nikatazama muda mrefu.

Madoa tulipaka kwa brashi ya nywele chache na wino, tunalamba ncha. Kwa hiyo bibi usiogope. Kosa lako linarudishwa kwa Ctrl+Z. La kwangu lilikuwa karatasi imekwenda.

#32 fundirangi

Mzee, heshima yako.

Dada, baada ya kupiga: nakili leya ya picha kwanza, ya asili ibaki chini haijaguswa. Ondoa ule uchai, Colors, Desaturate. Levels kidogo kurudisha weusi. Kisha madoa. Vifaa ni viwili na vinafanana: Clone, kitufe C, na Heal, kitufe H. Vyote unashika Ctrl unabonyeza mahali pazima, unaachia, unapaka palipoharibika. Clone inabandika kama ilivyo. Heal inabandika halafu inalainisha ilingane na jirani. Kwa ngozi na pazia tumia Heal. Lakini mkunjo ukifika kwenye mstari mkali, mfano kofia ilipokutana na minazi, Heal itavuta weusi na kupaka tope. Hapo badili kwenda Clone. Brashi ndogo, mibonyezo mifupi, usiburuze.

#33 Mzee_Chumba_Cheusi

Na usianze na uso. Anza na pazia, mkono upate moto. Macho usiyaguse kabisa isipokuwa doa limeingia ndani yake. Watu wanamtambua marehemu kwa macho, ukilainisha sana utawapa mtu mwingine.

#34 MamaKopi

Jioni nne. Nilianza na minazi kama ulivyosema mzee. Siku ya pili bega. Shavu nililifanya mara tatu, mara ya kwanza lilikuwa kama limepigwa plasta, nikafuta leya nikaanza tena. Kuna kovu dogo juu ya nyusi, nikadhani ni doa la karatasi nikaliziba. Usiku nikapata wasiwasi, nikampigia yule mama. Akasema: "Hilo ni la jembe, alipata akiwa mdogo." Nikalirudisha.

Leo kaja kuchukua. A4, kwenye fremu mpya. Kaishika, hakusema kitu, kakaa kwenye kile kiti cha wateja wa pasipoti. Nikampa maji. Akauliza bei, nikashindwa kutaja, akaweka elfu ishirini mezani mwenyewe.

#35 jogoo_la_mjini

Nani anakata vitunguu humu.

#36 MtuWaSimu

Mama nimesalimu amri. Ila kadi bado ni Canva 😂

#37 MamaKopi

Kadi za haraka nafanya huko pia, nilijifunza kwako. Usiwaambie hawa.

#38 neema_wa_kahama

Samahani wakubwa, nimeukuta uzi huu usiku huu. Nimeanza GIMP leo. Brashi yangu haichori kabisa, nifanyeje?

#39 MamaKopi

Karibu mwanangu. Una siafu? Soma #4. Ctrl+Shift+A.

#40 neema_wa_kahama

Nimefanya, siafu hawakuwepo. Bado haichori.

#41 MamaKopi

Tazama orodha ya leya kulia. Iliyokolezwa ndiyo unayoiona, au iko chini ya nyingine? Na jicho lake liko wazi?

#42 neema_wa_kahama

Aaah nilikuwa kwenye ya chini. Imechora. Lakini sasa nimechagua nyekundu, inatoka kijivu. Kila rangi inatoka kijivu.

#43 MamaKopi

Hiyo ilinikuta kwenye picha ya babu, nikakaa nayo nusu saa. Picha yako iko kwenye Grayscale, yaani hali ya nyeusi na nyeupe, haijui rangi. Menyu ya Image, Mode, weka RGB, ndiyo hali yenye rangi. Halafu rudi useme.